Sura ya Sita: Redio Iliyokuja na Gari

Gari lililotumika Japani likishafika Dar es Salaam au Mombasa na kupata namba zake, moja ya vitu vya mwanzo kung'olewa ni redio. Hung'olewa ikiwa nzima, inanguruma vizuri, spika zake hazina kasoro. Kosa lake ni moja tu: haina mahali pa kuchomeka simu. Basi inawekwa skrini mpya ya bei nafuu, nyaya za kiwandani zinakatwa na kufungwa kwa utepe, na ile redio iliyobuniwa maalumu kwa gari lile inaishia kwenye sanduku la vyuma chakavu.

Sura hii inaitetea redio ile. Wahandisi walioibuni walijua ukubwa wa chumba cha gari, aina ya spika na mahali zilipo, joto la dashibodi na mtikisiko wa barabara. Kinachokosekana ni njia ya kuingizia sauti kutoka nje, na njia hiyo inaweza kuongezwa bila kuharibu chochote, mradi mtu aelewe ni wapi pa kuingilia. Mmiliki anayeielewa kazi hii hata bila kuifanya mwenyewe atajua fundi anapofanya kazi na anapobahatisha.

Kila kizazi cha redio ya gari kilijengwa kwa ajili ya chanzo cha sauti cha wakati wake. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago ilitoa redio ya gari iliyoipa jina la Motorola, nayo ilijua mawimbi ya hewani tu. Mwaka 1963 Philips walileta kaseti ndogo, na baada ya miaka michache ikaingia kwenye dashibodi. Mwaka 1984 Pioneer walitoa kicheza CD cha gari. Kisha Oktoba 2001 Apple wakatoa iPod, na ghafla muziki wa watu ukawa umehamia mfukoni, huku magari yakiwa bado yana matundu ya kaseti na CD. Ni katika miaka hiyo ndipo tundu dogo lenye maandishi AUX lilipoanza kuenea kwenye magari mapya. Toyota IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na nyingi za miaka ile ya mwanzo zinazopita kwenye barabara zetu hazina tundu hilo.

Sauti inavyosafiri ndani ya redio

Kabla ya kushika bisibisi, elewa safari ya sauti. Redio yoyote ya gari ina sehemu tatu. Ya kwanza ni vyanzo: kinasa mawimbi ya FM na AM, kicheza kaseti, kicheza CD, na katika magari mengi ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kicheza MD, ile diski ndogo ya Sony iliyotoka mwaka 1992. Ya pili ni chipu inayochagua chanzo kimoja, kisha kurekebisha volyumu, besi na mizani ya kushoto na kulia. Ya tatu ni amplifaya, inayoipa sauti nguvu ya kusukuma spika.

Sauti ya simu inapaswa kuingia mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kabla tu ya chipu ya kuchagua. Ni kama koki ya maji: maji yakiingia kabla yake, utayapunguza na kuyaongeza upendavyo, yakiingia baada yake, koki haina kazi tena.

Sababu iko kwenye viwango vya umeme. Antena huleta sehemu chache za milioni za volti. Hedi ya kaseti hutoa chini ya sehemu moja ya elfu ya volti. Kila chanzo kina saketi yake ya kukuza mawimbi haya dhaifu, na yakishakuzwa, vyanzo vyote hufika kwenye chipu ya kuchagua vikiwa na viwango vinavyokaribiana, yaani sehemu kadhaa za kumi za volti. Simu nayo, kupitia tundu la hedifoni, hutoa kati ya nusu volti na volti moja hivi volyumu yake ikipandishwa. Kwa hiyo mlangoni pa chipu ya kuchagua ndipo pekee simu na redio zinapolingana nguvu.

Ukiunganisha simu kwenye nyaya za hedi ya kaseti, unaipelekea saketi umeme uliozidi mara mamia ule inaoutegemea, na sauti itapasuka. Hata ukipunguza nguvu, saketi ile imetengenezwa kurekebisha tabia za utepe wa sumaku, hivyo muziki utatoka na besi nzito isiyo ya kawaida.

Ukiunganisha simu kwenye nyaya za spika, hatari ni kubwa zaidi. Katika redio nyingi za magari, nyaya zote mbili za kila spika zinatoka kwenye amplifaya, na kila mmoja hukaa karibu na nusu ya volti za betri, yaani volti 6 hivi, hata muziki ukiwa kimya. Hakuna kati yake ulio hasi. Simu inaweza kuungua, na waya wa spika ukigusana na chuma cha gari amplifaya nayo inaweza kwenda. Fundi akikuambia kwamba ataunganisha simu kwenye nyaya za spika, mshukuru na uondoke.

Njia ya hewani na shida ya redio ya Kijapani

Njia rahisi kuliko zote ni kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinapokea muziki kutoka kwenye simu, kinaurusha kwa FM, nawe unautafuta redioni kama unavyotafuta kituo. Hakuna waya unaokatwa. Kwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya kinafanya kazi ya kuridhisha. Kwenye gari la Kijapani kinakutana na ukuta.

Nchini Japani, masafa ya FM yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa sababu sehemu ya 90 hadi 108 ilikuwa imepewa chaneli ya 1 hadi ya 3 za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa mwaka 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na baadaye FM ikasogezwa mpaka 95. Kwetu FM inaanzia 87.5 na kuishia 108. Ndiyo maana mwenye Vitz ya mwaka 2003 jijini Dar es Salaam anaipata Wasafi FM kwenye 88.9, lakini EFM ya 93.7 haipo kabisa kwenye redio yake, na mwenzake wa Nairobi haifikii Capital FM ya 98.4.

Sasa fikiria kile kirusha FM. Masafa yake ni yaleyale ya kwetu, 87.5 hadi 108. Redio inaishia 90. Mahali vinapokutana ni megahezi 2.5 tu, na katika miji mikubwa nafasi hiyo imejaa vituo vyenye mitambo ya nguvu. Kirusha kidogo kinamezwa, na dereva anaanza kuhangaika na namba badala ya kuangalia barabara.

Wengi hufunga konvata kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Konvata ya megahezi 18 huishusha Capital FM hadi 80.4, na Radio Citizen ya Nairobi, iliyoko 106.7, hadi 88.7. Kwa vituo vya hewani ni msaada mkubwa. Lakini konvata hiyohiyo ikifungwa Dar es Salaam huishusha EFM hadi 75.7, nje ya uwezo wa redio, hivyo kabla ya kuinunua piga hesabu ya vituo unavyovipenda. Kwa muziki wa simu, hata mambo yote yakienda sawa, matangazo ya FM hubeba sauti hadi kilohezi 15 tu, na mvumo wa hewani haukosi. Waya una faida zote.

Kaseti ya bandia

Kama gari lako lina tundu la kaseti, una bahati kuliko unavyodhani. Ipo kaseti isiyo na utepe, yenye waya unaotoka pembeni kwenda kwenye simu. Ndani yake kuna hedi ndogo inayokaa uso kwa uso na hedi ya redio. Simu inapopeleka umeme kwenye hedi ile, hutokea usumaku unaobadilika, na hedi ya redio inausoma kana kwamba ni utepe unaopita. Kwa kuwa imebuniwa kwa kazi hiyo, kiwango chake kinalingana na hedi ya redio, na hata marekebisho ya utepe yamezingatiwa.

Safisha kwanza hedi ya redio kwa pamba na spiriti safi, kwa sababu uchafu wa kahawia wa kanda za zamani huzuia sauti nyembamba. Kama redio inaitema kaseti au inageuza upande mara kwa mara, gia za ndani ya kaseti ya bandia hazizunguki vizuri. Jaribu nyingine kabla ya kulaumu redio. Kwa gari la kaseti, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote.

Mlango wa nyuma

Redio nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilitengenezwa zikitarajia chenja ya CD, lile sanduku la diski kadhaa lililokaa buti au chini ya kiti. Hata kama gari halikuwahi kuwa nayo, mara nyingi soketi yake ipo nyuma ya redio, tupu, ikisubiri. Huo ni mlango halali wa sauti: una nyaya za kushoto, kulia na hasi, na kiwango chake ndicho kile kinachokubaliana na simu.

Ugumu ni kwamba redio haiufungui mlango huo mpaka isikie chenja ikijibu. Redio na chenja zilizungumza kwa lugha ya kidijitali, na kila mtengenezaji alikuwa na yake: Toyota walitumia AVC-LAN, BMW I-Bus, Pioneer IP-BUS. Kwa hiyo kinahitajika kifaa kinachojitambulisha kwa redio kuwa ni chenja. Kikishakubaliwa, unabonyeza kitufe cha CD na sauti ya simu inatoka. Vifaa hivi vinauzwa kulingana na aina ya soketi, kwa hiyo toa redio kwanza, piga picha ya nyuma yake pamoja na lebo ya namba ya modeli, ndipo ununue.

Usisahau pia kukagua yale yaliyokwisha kuwepo. Baadhi ya Toyota za Japani zenye skrini ya ramani zina sehemu ya kuingizia sauti na picha iliyoandikwa VTR. Angalia ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, kati ya viti, na kwenye vitufe vya skrini. Ni jambo la kusikitisha mtu kulipia redio mpya wakati mlango upo tayari.

Kufungua bodi ya saketi

Ikiwa hakuna kaseti wala soketi ya chenja, inabaki kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu: kuingia kwenye bodi yenyewe. Tafuta chipu ya sauti na usome namba iliyochapwa juu yake. Mfano mmoja ni TDA7313 ya STMicroelectronics, yenye milango mitatu ya sauti ya stereo. Karatasi ya maelezo ya chipu kama hiyo hupatikana bure intaneti, na inaonyesha mguu upi ni kushoto na upi ni kulia kwa kila mlango.

Huenda ukakuta mlango mmoja hautumiki. Usifurahi haraka. Chipu hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ya redio, na kama kiwandani hawakuweka kitufe cha kuuchagua mlango huo, hautafunguliwa. Ndiyo maana mafundi huazima mlango ambao tayari una kitufe. Wengi huchagua ule wa redio yenyewe, kwa sababu haudai diski wala kaseti iwe inazunguka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi anakata njia mbili nyembamba za shaba, ya kushoto na ya kulia, zinazotoka kwenye kinasa mawimbi kwenda kwenye chipu. Kisha anapitisha njia hizo kwenye tundu la milimita 3.5 lenye swichi ndani yake. Pini isipokuwepo, swichi imefunga na redio inasikika kama kawaida. Pini ikiingia, swichi inafunguka, redio inakatwa, na sauti ya simu inachukua nafasi yake. Kwenye pini ya kawaida ya stereo, ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, na shina ni hasi. Ukiwa kwenye AM, muziki bado utatoka stereo, kwa kuwa kuanzia pale nyaya za kushoto na kulia ziko mbalimbali. Ikiwa redio yako hunyamaza inapokosa kituo, iache kwenye kituo chenye nguvu.

Kati ya tundu na chipu lazima iwepo kapasita kwenye kila upande, ya maikrofaradi 1 hadi 10. Miguu ya chipu hizi hukaa na volti kadhaa za kudumu, na kapasita huzizuia zisifike kwenye simu huku ikiruhusu sauti ipite. Kama ni kapasita zenye chanya na hasi, upande wa chanya uelekee kwenye chipu. Waya uwe wa kufunikwa kwa wavu wa shaba, ule mafundi wanaoutumia kwa maikrofoni, na usipite sambamba na nyaya za umeme mkubwa.

Mlio unaopanda na mwendo

Kazi imekwisha, muziki unatoka, na nyuma yake kuna mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta. Huo ni umeme wa alteneta. Injini ikizunguka, alteneta hutoa volti 14 hivi zenye mawimbi madogo, na mawimbi hayo yanaingia kwenye sauti pale simu inapokuwa na njia mbili za hasi: moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti.

Kipimo chake ni chepesi. Chomoa chaja. Mluzi ukiisha, umepata sababu. Dawa ni kitenganishi chenye transfoma mbili ndogo, kinachowekwa kati ya simu na tundu. Sauti inapita kwa usumaku, na nyaya za hasi hazigusani. Kinauzwa kwa bei ndogo na hakihitaji kulehemu.

Simu nyingi za leo hazina tena tundu la hedifoni. iPhone zililiacha mwaka 2016. Hilo haliui kazi yetu. Kipokeaji kidogo cha Bluetooth kinachomekwa kwenye tundu jipya na simu inabaki mfukoni. Kikihitaji umeme, Toyota nyingi zina waya wa kijivu nyuma ya redio unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa, wa bluu wenye mstari wa njano wenye umeme wa kudumu, na wa kahawia ambao ni hasi. Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuunganisha, na weka fyuzi.

Kabla ya kugusa betri

Mafundi wengi huanza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri, na ni desturi nzuri. Lakini redio nyingine hujifunga zikikosa umeme na kudai namba ya siri. Baadhi ya zile za Toyota zinazotumia kadi ya SD ya ramani hugoma kabisa mpaka kadi yake halisi irudishwe, na wapo wanaoitoa kadi hiyo wakidhani ni takataka za Kijapani. Ihifadhi kadi. Tafuta namba ya siri mapema kwenye vitabu vya gari. Na soketi zozote za rangi ya njano ndani ya dashibodi usiziguse, kwa kuwa ndizo za mifuko ya hewa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujalipia skrini mpya, muulize fundi maswali matatu. Redio hii ina mlango gani wa sauti ambao tayari upo? Utaingiza sauti kabla ya volyumu au baada yake? Nikitaka kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, itawezekana? Anayejibu yote matatu bila kusita mpe kazi. Asiyeweza, mwache aendelee na wengine. Redio uliyonunua pamoja na gari ina thamani, na haistahili kutupwa kwa kukosa tundu la milimita 3.5.